Kifuniko cha yai la pete kinakaa upande

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Mie nipo Wete, natengeneza mayai ya mapambo ya kufunguka kwa udongo wa polima, ule wa plastiki unaokazwa kwa kuokwa, mabibi harusi wanatilia pete. Ndani natumia ganda la yai la kuku la kweli. Tabu yangu bawaba, naigandisha na supagluu, nikifungua mara mbili tatu inabanduka na kifuniko kinakwenda upande. Na jengine limepasuka ndani ya oveni. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, hongera, kazi nzuri hiyo usiiache. Yai ni mviringo na bawaba inataka pahala palipolala sawa, angalia makasha ya zamani ya shaba, bawaba zake zimekaa kwenye ubao tambarare ndo maana zinadumu. Yako inagusa katikati tu, ncha zinaelea, supagluu haina pa kushika na ikikauka haitaki kuvutwavutwa.

Sasa fanya hivi, yai likishaokwa na ushalikata, zirudishe nusu mbili pamoja, katikati tia karatasi nyembamba zisigandane, funga na uzi. Nyuma bandika udongo mbichi kidogo juu na chini ya mkato, ulaze tambarare. Kata kimrija chembamba cha shaba vipande vitatu, pitisha waya mmoja ndani ya vyote, viwili vya pembeni vizame kwenye udongo wa chini, cha katikati kwenye wa kifuniko, na udongo wa juu usigusane na wa chini. Halafu oka tena, udongo huu unakubali kurudi motoni. Waya lazima unyooke kabisa na ulale sambamba na mkato, ukienda mshazari hata kidogo basi kifuniko nacho kitakwenda upande, hakuna gluu itakayokirudisha.

Lile lililopasuka nadhani ni hewa. Ukishapuliza ute na kiini lioshe, likauke mpaka ndani, na kitundu kimoja usikizibe na udongo, hewa ikipata moto inataka pa kutokea. Joto fuata pakiti, nyingi zinasema baina ya 110 na 130 za Selsiasi, na utie kipimajoto ndani maana vitufe vya oveni vinadanganya. Udongo huu una plastiki iitwayo PVC, ukiungua unatoa moshi mbaya wa asidi, kwa hiyo madirisha wazi na usioke pamoja na chakula tafadhali.

Kukata tumia wembe mpya yai likiwa bado vuguvugu, na kabla hujakata piga vistari viwili vya penseli vikatishe mkato, ujue nusu zinavyorudiana.