Kabla Hujamfanyia Binti Yako Sherehe ya Miaka 15: Niliyoyapata kwa Wakwe Zangu Puebla

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Houston aliniandikia ujumbe mrefu uliojaa hasira. Ameolewa na Mmexico wa Monterrey, binti yao wa kwanza anatimiza miaka 14 mwezi ujao, na mama mkwe wake amekwisha kuulizia kanisa, ukumbi na rangi ya gauni bila kumwuliza mama mzazi neno lolote. Swali lake lilikuwa moja tu: akatae au akubali? Nilimjibu kwa kifupi kwamba akubali, ila asikubali kila kitu. Usiku huo niliamka saa tisa nikiikumbuka sherehe ya binti yangu mwenyewe, iliyofanyika hapa Puebla, Mexico, mwezi wa Februari, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa jepesi mno.

Nitasimulia yaliyonipata bila kuyapaka rangi, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mmeolewa ugenini kama mimi, na mnataka watoto wenu wawe na kwao kuwili bila kupungukiwa upande wowote.

Mimi nilichezwa unyago Masasi, likizo ya Juni, nikiwa darasa la sita. Niliwekwa ndani, nikafundwa na kungwi ambaye sauti yake naisikia hadi leo, na siku ya kutolewa nilifunikwa kanga mpya huku wanawake wakipiga vigelegele hadi barabarani. Yaliyosemwa ndani hayasemwi nje, na hapa pia sitayasema. Bibi yangu, Mwanglikana asiyekosa ibada, hakuona mgongano wowote, kwa kuwa Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliamua kutoyapiga vita majando na badala yake akayaingiza ndani ya Kanisa. Kwa hiyo nilipoelezwa na wakwe zangu kwamba msichana wa Mexico akifikisha miaka 15 hupelekwa kanisani kwa misa ya shukrani, kisha huvalishwa taji na kucheza valsi ukumbini mbele ya ukoo mzima, nilijiambia kwamba nimefika nyumbani.

Nilikosea. Unyago hufundisha, tena kwa siri na kwa maneno mazito. Sherehe ya huku, ambayo wenyewe huiita los quince, haimfundishi msichana chochote. Siku hiyo huonyeshwa tu watu kwamba amekwisha kufundwa. Ukitaka kujua alifundwa lini na alifundwa na nani, ukumbini hutapata jibu. Nenda jikoni.

Binti yangu alikuwa na miaka 12. Ilikuwa Jumapili nyumbani kwa mama mkwe, na mezani walikaa mume wangu, kaka zake wawili na mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Wanawake tulikuwa tumesimama. Tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi, hailiwi ikiwa imepoa, kwa hiyo lazima mtu asimame penye komali, lile bamba lililo juu ya moto, azigeuze moja moja kwa ncha za vidole na kuzifunika kwa kitambaa ndani ya kikapu. Aliyesimama siku hiyo ni binti yangu. Kikapu kilipokwisha, kaka yake alikiinua hewani bila kugeuza kichwa na bila kusema neno. Mdogo wake akaja, akakichukua, akakijaza, akakirudisha. Mama mkwe aliniangalia, akatabasamu, akasema kwamba mtoto yuko tayari. Mimi pia nilitabasamu, na hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, kwa maana nilikuwa na mdomo.

Baadaye nilisoma maneno ya wazee wa Wanahua, wenyeji wa Mexico ambao Waazteki walikuwa miongoni mwao, yaliyokusanywa katika karne ya 16 na mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún, nikakuta kwamba kitovu cha mtoto wa kiume kilikabidhiwa wapiganaji wakakizike mahali pa vita, na cha mtoto wa kike kilizikwa kando ya meko. Sisi tunaosema kwamba kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake hatuhitaji profesa wa kutufafanulia habari hiyo. Katika maneno hayo hayo baba anamwita bintiye mkufu wa thamani, unyoya wa thamani, kisha binti anausiwa kufagia, kusokota nyuzi, kufuma, na kutembea pasipo haraka wala ulegevu. Kungwi wangu angeyakubali mengi kati ya hayo. Ndiyo sababu huwa sibishani na wanaodai kwamba los quince ni mila ya kale ya Waazteki, ingawa siamini sana: usia ni wa kale, lakini valsi, taji na gauni linaloenea kama chandarua cha harusi vilikuja na meli kutoka Ulaya.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo nakusihi usilirudie. Sherehe ya watu 200 ina gharama, na huku gharama hugawanywa kwa padrino na madrina, yaani wasimamizi, ambao kila mmoja hubeba kitu kimoja: yuko madrina wa keki, wa pete, wa medali, wa viatu, wa glasi, wa mto wa kupigia magoti kanisani, hata wa mwanasesere wa mwisho, ambaye huvalishwa gauni kama la msichana mwenyewe na kukabidhiwa mtoto mdogo kuashiria kwamba michezo ya utotoni imekwisha. Nilipoelezwa utaratibu huo nilicheka kwa furaha, nikasema, kumbe ni michango! Na mambo ya michango nani atanifundisha mimi Mtanzania? Jioni hiyo hiyo nilifungua kundi la WhatsApp, nikawaingiza ndugu 43 wa mume wangu, nikaweka orodha ya mahitaji, kiasi cha kila kitu, safu ya ahadi na safu ya fedha taslimu, na tarehe ya mwisho nikaiandika kwa herufi kubwa. Nusura niandike pia kwamba kadi zitakuwa za single na double.

Hakuna aliyeahidi. Siku ya tatu wifi yangu mkubwa alijitoa kwenye kundi, siku ya nne wakajitoa sita, na Jumapili mama mkwe aliniuliza, tena mbele ya watoto, kama siku hizi ucomadre, yaani undugu wa mama na msimamizi wa mwanawe, unauzwa, na kama unauzwa ni peso ngapi. Sikuwa nimeelewa kwamba madrina wa viatu hanunui viatu tu. Kuanzia siku ile yeye na mama wa msichana huitana comadre mpaka kaburini, hualikana, huuguzana, hukopeshana. Mtu kama huyo hafuatwi kwa simu. Unamwendea kwake, wewe na mume wako na binti yenu, mkiwa na mkate mtamu mkononi, mnakaa, mnazungumza habari nyingine kabisa kwa saa nzima, ndipo mnaomba. Nilizunguka nyumba kumi na moja nikiomba radhi kwanza na usimamizi baadaye. Wifi mkubwa alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani mara ya kwanza. Mara ya pili alinipa kahawa.

Miezi ya kutafuta ukumbi sitaisimulia. Inachosha hata mimi niliyeipitia. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza mapema. Kanisa litadai cheti cha ubatizo na pengine cha komunio ya kwanza, mwalimu wa valsi atadai miezi mitatu au minne, na wakwe watadai muda mrefu kuliko wote hao. Anza mapema, dada yangu.

Ushauri wa pili ndio niliomaanisha nilipokwambia usikubali kila kitu. Usipigane na gauni, wala na keki ya ghorofa tano, kwa sababu utashindwa na utaonekana mchoyo. Pigania maneno. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyepewa heshima ya kuongoza watu katika kunyanyua glasi, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilimwomba anisomee atakayosema. Yalikuwa mazuri, ila katikati palikuwa na sentensi mbili zilizosema kwamba kuanzia usiku ule binti yetu ni mwanamke kamili, na vijana wenye nia njema sasa wanaweza kubisha hodi. Wote walicheka isipokuwa mimi. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Kiraia ya shirikisho hapa Mexico iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14, na mvulana kuoa akiwa na 16, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2019 na kuwa 18 kwa wote. Nikamwambia na ya kwetu, ili asidhani nawadharau: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18, mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani, na ni mwaka huo huo wa 2019 Mahakama ya Rufani ilipokubaliana naye kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba. Miaka 15, shemeji, ndiyo hii hii tunayoipigia makofi. Hakujibu kitu, lakini usiku wa sherehe zile sentensi mbili hazikusikika, na mahali pake alitaja kwamba mpwa wake anapenda hisabati. Hilo nalihesabu kuwa ushindi wangu, na sioni haya kujisifu.

Upande wa viatu tulikutana katikati. Desturi ni baba apige goti mbele ya watu, amvue bintiye viatu bapa na kumvisha vya kisigino, jambo ambalo lilimliza mume wangu asiyelia. Binti alikubali, kwa sharti kwamba ngoma ya pili, ile ya kushtukiza, aicheze akiwa na raba. Alizivaa chini ya gauni na hakuna aliyelalamika.

Kaka yake ndiye aliyekuwa chambelán wa heshima, yaani kijana wa kumsindikiza na kucheza naye. Alifanya mazoezi miezi minne akihesabu hatua kwa sauti. Usiku mmoja tukirudi nyumbani aliuliza yeye atafanyiwa nini, na ndani ya gari hakuna aliyekuwa na jibu. Mvulana wa huku hana sherehe ya namna hii. Mwaka anaofikisha 18 hujiandikisha kwa ajili ya huduma ya kijeshi, kisha hupigiwa kura: anayeangukiwa na mpira mweupe hufanya mazoezi siku za Jumamosi, wa mpira mweusi hubaki kwenye orodha ya akiba. Wasichana hujiunga wakipenda tu. Wa kwetu anajiandikisha mwaka huu. Kina mama tunaopigania mabinti tusijifanye hatuoni kwamba mtoto aliyeinua kikapu bila kugeuka naye alifundwa, na sisi tulikuwepo. Siku hizi anapasha tortilla zake mwenyewe, anaunguza vidole, na bibi yake hutazama pembeni kana kwamba mjukuu amevua nguo.

Simsemi mama mkwe kwa ubaya. Tarehe 1 Oktoba 2024, Claudia Sheinbaum alipoapishwa kuwa rais wa kwanza mwanamke wa nchi hii, mama mkwe alilia mbele ya televisheni, yeye aliyezaliwa kabla ya 1953, mwaka ambao wanawake wa Mexico walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa. Alipomaliza alifuta machozi kwa aproni, akainuka kwenda kuwapashia wanawe chakula. Watu hubadilika kwa upande mmoja kwanza, na anayetaka wabadilike pande zote kwa siku moja atazeeka peke yake.

Ushauri wa tatu, na nikuombe uusome mara mbili: omba sehemu yako mapema, tena uitaje kwa jina. Usiseme utasaidia popote. Sema, mimi nitamvalisha taji. Nilidhani hilo halihitaji kuombwa, kwa kuwa ndimi niliyemzaa, na nilimwona mama wa jirani yetu akimvalisha wake. Kwetu taji lilikuwa na madrina, na madrina alikuwa wifi mkubwa, yule wa kahawa, aliyelinunua kwa fedha yake baada ya mimi kwenda kumwomba kwa mkate. Alipoitwa mbele alinipitia, akanipa mkoba wake nimshikie. Picha ya tukio hilo imetundikwa sebuleni kwa mama mkwe, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu: binti yangu ameinamisha kichwa, wifi ameinua mikono, na pembeni kabisa, karibu kukatwa, niko mimi na mikoba miwili.