Maswali ya walimu: semina tumefanya, vishikwambi bado viko kabatini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi huku Singida. Mwalimu mkuu kanipa kazi ya kuwasaidia wenzangu watumie vile vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, na projekta moja tuliyonayo. Nimewafanyia semina Jumamosi, wakafurahi, tukapiga na picha za pamoja, Jumatatu kila mtu karudi kwenye chaki yake kama hakuna kilichotokea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kwanza usiwaone wenzako wavivu au watu wasiopenda teknolojia, maana hao hao wanatuma hela kwa simu, wanaendesha magrupu ya WhatsApp ya vikoba na ya ukoo na hawajawahi kuhudhuria semina ya hivyo vitu. Kinachowashinda ni kipindi chenyewe, dakika 40, watoto 70 na kitu, projekta inataka waya ambao uko ofisini kwa mkuu, umeme una tabia zake, na juu ya yote ile aibu ya kifaa kugoma huku darasa zima linakutazama. Sasa wewe Jumamosi umewaonyesha pa kubonyeza tu, hayo mengine yote umewaachia wakapambane nayo wenyewe.

Mi nakushauri semina uiweke pembeni kwa muda, chukua mwalimu mmoja tu, tena yule aliye tayari, usianze na yule mbishi ukidhani akibadilika huyo wote watafuata. Kaa naye wakati wa chai na usimuulize anataka kujua nini kwenye kishikwambi, muulize watoto wake wanakwama wapi wiki hii. Hapo ndo utasikia vitu vya maana. Tuseme ni wa hisabati darasa la nne, anakwambia kwenye kutoa wananichanganya, nimewapa 503 kutoa 178 nusu ya darasa wameandika 475. Hebu angalia hilo jibu kwa makini, mtoto hajabahatisha, kila safu kachukua namba kubwa akatoa ndogo, 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 1, yaani ana utaratibu wake kamili ila ni utaratibu mbovu. Sasa kishikwambi kinaingia hapa: mwalimu apige picha daftari moja lenye kosa hilo, jina lisionekane, kesho aliweke kwenye projekta na aulize darasa "huyu mwenzetu amefikaje hapa?" Basi. Bando halihitajiki wala video, ni kamera tu ambayo anaitumia kila siku kupiga picha za harusi. Na siku umeme ukikatika ile hesabu anaiandika ubaoni na somo linaendelea vilevile, hilo mpange mapema kabisa kabla hajaingia, kwa sababu mwalimu mwenye njia ya pili haogopi.

Hiyo siku uwepo darasani. Kaa nyuma, waya ukisumbua shughulika nao wewe ili yeye aendelee kufundisha, na uandike watoto walisema nini, siyo mwalimu alikosea nini. Mkitoka mkae dakika 10 tu, umuulize yeye kwanza ameonaje, alafu mchague kitu kimoja cha kubadilisha kipindi kijacho. Kimoja! Ukimpa vitano hatofanya hata kimoja. Rudi tena wiki inayofuata, na baadae tena. Kwa hiyo ndiyo, inachukua muda, na mwalimu mkuu lazima akupunguzie vipindi, mwambie hivyo bila kuogopa, kazi hii haifanyiki kwa saa za kuibia.

Wale wengine usiwe na haraka nao. Ratiba ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, si inawapa walimu nafasi ya kukutana hapo hapo shuleni kwenye jumuiya yenu ya ujifunzaji? Tumia kikao hicho, ila asimame huyo wa hisabati aeleze mwenyewe na daftari lile alionyeshe, wewe nyamaza. Walimu wanamwamini mwenzao aliyetoka darasa la jirani kuliko mtaalamu yeyote.

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, Kilifi. Nikiingia darasani kuona mwalimu anavyotumia tableti anatetemeka, anadhani nakusanya makosa ya kumpima nayo mwisho wa mwaka. Nawezaje kumsaidia mtu anayeniogopa?

JIBU: Nzuri mwalimu. Kwa kweli haki yake kuogopa, maana wewe ndiye unayempima. Kama kuna mwalimu mwingine hapo shuleni anayeweza kufanya kazi ya kusaidia, mpe yeye, wewe baki na kupima. Kama hakuna, basi siku ya kusaidia usiingie na ile fomu ya kumpimia, na ulichoona kisiende kwenye faili, na umwambie hivyo kabla, alafu utimize kweli kwa sababu ukivunja mara moja tu habari inafika ofisi ya walimu kabla yako.

Nyinyi Kenya mna mfano mzuri tu wa nyumbani. Kisumu, kwenye PRIMR, mradi wa kuinua kusoma na hisabati madarasa ya chini, walijaribu njia tatu, shule nyingine tableti wakapewa maafisa wanaotembelea walimu, nyingine wakapewa walimu, nyingine wanafunzi wakapewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea vitabu. Usomaji wa watoto ulipanda kote kote bila tofauti kubwa, ila kumpa afisa ndiyo ilikuwa njia ya gharama nafuu kuliko zote. Ndo maana Tusome, ule mpango wa kitaifa wa kusoma, ilipoanza 2015 afisa alikuwa anaingia darasani na tableti yenye programu ya Tangerine, anatazama somo la kusoma, anasikiliza watoto wachache wakisoma, alafu anakaa na mwalimu wanaongea kilichoonekana. Na nauli ya afisa ilihesabiwa kwa ziara ambazo tableti imerekodi, kwa hiyo alifika kweli. Mi hilo la kufika ndo naliona kubwa kuliko programu yenyewe. Peru waligawa laptopu zaidi ya laki nane, na utafiti uliotoka 2012 ukakuta alama za hisabati na lugha hazikusogea, vifaa vilifika shuleni lakini mtu wa kukaa na mwalimu hakuwepo wa kutosha.

Kwa hiyo wewe na tableti yako anza hivi: muombe mwalimu aje akutazame WEWE ukifundisha nayo, uhangaike mbele yake, akwambie alichoona. Baada ya hapo ukiomba kuingia kwake atakukubalia kwa roho nyeupe zaidi.

SWALI: Nina miaka 56, nipo Tanga. Wamenipangia kijana aliyeajiriwa majuzi anifundishe mambo ya Tehama, umri wa kitindamimba wangu. Nimebakiza miaka minne nistaafu, kuna haja kweli?

JIBU: Shikamoo mama. Haja ipo, kwa sababu hao watoto utakaowafundisha miaka minne hiyo nao ni watoto wako. Na sidhani kama kijana amekuja kukufundisha kufundisha, hilo hana na yeye analijua, we unajua kabla hata ya kusahihisha ni mada ipi darasa la sita watafeli na kwa nini, kijana anajua tu kifaa. Mwambieni mwalimu mkuu iwe pande zote mbili, wiki hii yeye akusaidie kifaa, wiki ijayo akae kwenye kipindi chako ajifunze kutuliza darasa. Siku za mwanzo kifaa ashike yeye, wewe ufundishe kama kawaida yako, mkishazoeana mbadilishane. Na akikuonyesha kitu usikubali akibonyezee yeye kila mara, vidole viwe vyako, yeye aseme tu, hata kama inachukua muda mrefu na kengele inakaribia.