Je, kipindi cha tabianchi lazima kiwe na mpinzani?

SWALI: Ndugu Mhariri, natayarisha kipindi cha redio hapa Dar es Salaam. Kila tukigusa mabadiliko ya tabianchi, bosi wangu anataka nimwalike mwanasayansi na mtu anayepinga, eti ndiyo mizania. Yuko sahihi?
Mtayarishaji, Ilala

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Mizania hupimwa kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya viti studioni. Januari 1954 kampuni za sigara Marekani zilitoa tangazo la ukurasa mzima katika magazeti zaidi ya 400, zikidai haijathibitika kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni mojawapo ulisema waziwazi kuwa bidhaa yao ni shaka. Waandishi waliosawazisha pande mbili kwa nia njema waliisambaza bidhaa hiyo bure, na watu wakaendelea kufa. Mbinu hiyo hiyo ikahamia kwenye tabianchi.

Vipimo vya hewa vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilianza mwaka 1958 vikionyesha hewa ukaa, gesi inayonasa joto, ikiwa takriban sehemu 315 kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Hilo halina upande wa pili. Lenye pande ni hili: nani ahame bonde la mto Msimbazi linalofurika hapa Dar es Salaam, alipwe nini, na mitaro ijengwe kwa fedha za nani? Hapo mkutanishe mkazi wa Jangwani, eneo la bonde hilo, na mhandisi, wabishane hasa.

Kabla ya kumwalika mgeni yeyote, muulize kazi yake, anayemlipa, na utafiti wake umechapishwa wapi.

Kosa linalotuumiza zaidi ni letu wanahabari. Jangwani ikijaa maji, mtangazaji hutamka, "Haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi." Kesho yake mpinzani anamkumbusha kuwa bonde lile lilifurika tangu zamani, na msikilizaji anaacha kuamini hata yaliyo kweli. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Omba Mamlaka ya Hali ya Hewa milimita za mvua ya siku ile, uzilinganishe na wastani wa 1991 hadi 2020. Kisha taja sababu zote: taka mitaroni, mchanga uliojaza mto, nyumba bondeni, na hewa ambayo kila ikiongezeka nyuzi 1 ya joto hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7.

Msikilizaji mwenye shaka apige simu, aulize, na mtaalamu amjibu kwa heshima hapo hapo hewani.