Bwana Shamba anajibu: hempu, marejea na makumbi

*Assalaamu alaykum Bwana Shamba. Nimeona video inasema eka moja ya hempu, ule mmea wa nyuzi, inatoa karatasi sawa na eka nne za miti. Pemba tuna ardhi na mvua, mbona hatulimi? (Msomaji, Wete)*

Waalaykum salaam. Video hiyo mmeitazama nyote, maana swali hili limeshaingia mara ngapi sijui. Hesabu ya eka nne imetoka katika jarida la Wizara ya Kilimo ya Marekani la mwaka 1916. Waliopiga hesabu hiyo walikuwa wakizungumzia mabua yanayobaki viwandani baada ya nyuzi kuondolewa, na walikadiria kwa miaka 20, maana miti hukatwa kwa zamu. Jambo hilo video hailitaji.

Lililo kubwa zaidi ni jua. Hempu huhesabu urefu wa usiku. Ulaya hupandwa siku zinaporefuka, ikarefuka nayo kwa miezi mitatu au minne, ndipo itoe maua. Sisi Pemba tuko nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, tofauti haifiki hata saa moja. Mbegu ya Ufaransa ukiipanda Wete itadhani msimu umekwisha, itoe maua ikiwa fupi, na nyuzi utazitafuta.

Halafu karatasi haivunwi kondeni. Inataka kiwanda, magadi makali ya kupikia nyuzi, na maji matamu mengi mno. Maji yetu ni ya mvua yaliyojificha chini ya mawe, na visima vingine vya pwani tayari vinaonja chumvi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kinakula mipaina na kina mto. Wewe una nini?

*Hempu si bangi, au vipi? (Makunduchi)*

Ni bangi. Mmea mmoja, *Cannabis sativa*, uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi kile kilevi chake, THC, kikapungua. Marekani na Umoja wa Ulaya wameweka mpaka wa asilimia 0.3, na hata huko shamba likipita mpaka huo lina mashaka. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kulima bangi ni kosa la jinai hapa na Bara, na askari atakayekuta konde lako hatembei na maabara mfukoni. Wanaouza "mbegu halali za hempu" kwenye simu wanataka pesa yako tu. Kesi watakuachia wewe.

*Kwani hempu si ndiyo katani ya Tanga? (Chake Chake)*

Siyo. Hiyo ni mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Nimeshalijibu hili, jamani.

*Nina konde la muhogo juu ya kilima Mtambwe. Kila masika udongo unateremka bondeni. Nimesikia mizizi ya hempu inashika udongo. (Mkulima)*

Hempu ni mmea wa msimu. Ukishaivuna, ardhi inabaki tupu, na tupu ndiyo maradhi ya konde lako. Nakuuliza wewe: matuta yako yanakata mteremko au yanashuka nao? Nimepita njia hiyo, mengi yanashuka. Umeyachimbia maji barabara, kisha unashangaa yakipita.

Anza hapo. Geuza matuta yakate mteremko. Magugu usiyatie moto, yalaze baina ya matuta. Pembezoni panda majani ya vetiva kwa mstari mmoja ulioshikana. Panapopumzika, panda marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao wamisionari wa Peramiho, Ruvuma, waliuhimiza sana miaka ya 1980. Wahindi wana ndugu yake ambaye Wazungu walimwita hempu, ingawa na bangi hawana nasaba. Nyuzi zake ni kamba na karatasi za sigara. Kwa hiyo ukitaka hempu kwa lazima, chukua marejea isiyokupeleka mahakamani. Inafunika ardhi upesi, inaleta rutuba ya naitrojeni na inapunguza minyoo fundo, ile midogo inayoivimbisha mizizi vifundo. Ikate ikianza kutoa maua, kama siku 60, kabla haijawa mti. Mbegu zake usimpe ng'ombe wala mbuzi, zina sumu.

*Mbegu za hempu ni chakula bora, nimwekee mtoto kwenye uji? (Mama wa Fuoni)*

Mbegu ni chakula kizuri kweli, robo ya uzito wake ni protini na mafuta ni karibu theluthi. Lakini dada yangu, ufuta uko sokoni, kunde ziko, choroko ziko, na mbaazi za nazi huzipiki kwa kukosa nini? Ukimwagizia ndugu akuletee kifuko kwenye begi, bandarini atajieleza peke yake.

*Shikamoo. Sisi wa Jambiani tunafukia makumbi pwani na kusokota kamba za usumba. Vijana wanasema ni kazi ya kizamani. Vumbi lake je, linafaa kitu? (Bibi msomaji)*

Marahaba, na laiti wote wangeuliza kama wewe. Huo usumba ni nyuzi ambazo hazikuhitaji eka hata moja mpya, wala mbolea, wala video. Mnazi ulikwishapandwa na nazi ilikwishaliwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, nasi bado tunaagiza vya kufungia huku makumbi yakichomwa nyuma ya nyumba!

Vumbi linafaa sana kitaluni, linashika maji. Ila limekaa baharini miezi, limejaa chumvi. Limwage juu ya sakafu yenye mteremko, liache lipigwe na mvua za masika nzima, au ulisuuze kwa maji matamu mara kadhaa, ukionja mwenyewe kwa ulimi. Likiwa bado na chumvi, miche ya mikarafuu itaungua ncha za majani. Ukilisafisha vizuri, wenye vitalu watalifuata mlangoni. Usiwauzie kwa bei ya takataka.