Ile shoo mliyoiona, sikulipwa

Mdogo wangu,

Sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, moja nikiwa kwenye basi, nyingine nimekaa kitandani na viatu mguuni. Kwamba video yangu ya Glasgow imezunguka Ngamiani nzima hapo Tanga. Kwamba mjomba anawaambia watu barazani kuwa kijana wetu anaimba Ulaya na analipwa kwa pauni. Kwamba nimetoboa. Na kwamba wewe umeshapata mteja wa bodaboda, unataka kuiuza uje na gitaa lako la galatoni tupige pamoja.

Bodaboda usiuze. Hilo kwanza, mengine ndiyo tuongee.

Habari za baridi nakuachia, kila aliyepanda ndege anazo. Mimi nina kidonda changu kimoja, na mpaka leo sijawahi kukisema nyumbani. Visa ya mwanafunzi ya Uingereza niliyojia nayo Septemba 2023 ilikuwa na masharti. Saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, hilo mlilijua, maana mjomba alilipigia hesabu siku ileile. Msilolijua ni kwamba visa hiyo hairuhusu kujiajiri, wala hairuhusu kazi ya burudani. Kuimba, bwana mdogo. Kufagia ruksa, kuosha masufuria ruksa, kuimba kwa malipo hapana. Na mimi niliwaaga pale stendi nikiwa na gitaa mgongoni.

Hiyo shoo mnayoisambaza ni ya Machi 2024. Baa ndogo, watu kama hamsini, taa zimekaa vizuri ndiyo maana video imependeza. Nilipomaliza, mwenye baa akanifuata jikoni na bahasha. Nikamwambia siwezi kupokea. Akadhani naiona ndogo, akachomoa noti nyingine mfukoni akaongeza. Nikazidi kukataa. Yule mzee uso ulimwiva, akahisi nimemdharau, na mimi Kiingereza cha kueleza masharti ya uhamiaji mbele ya wapishi kikanikauka. Mwisho akanisogezea sahani ya chipsi. Nikazila zote, nikijiambia chipsi si malipo. Nauli sikuwa nayo, nikarudi kwa miguu, na saa kumi alfajiri nilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi nasugua vyoo.

Unajua kucha za mkono wa kulia tunavyozifuga kwa ajili ya nyuzi? Dawa ya choo inazilainisha. Glavu za kazini zilikuwa zinatoboka kila mara kwenye kidole gumba, maana kucha yenyewe ndiyo inayozitoboa. Ikabidi nichague, nikazikata. Ukiitazama tena hiyo video, angalia mkono. Napiga kwa nyama ya vidole. Wewe mpigaji ungeona, lakini hukuona kwa sababu ulikuwa unaangalia taa.

Sasa hivi niko kwenye visa ya waliohitimu, ya miaka miwili, hii inaruhusu kujiajiri. Nilipoomba, ada ya maombi ilikuwa pauni 822, halafu tozo ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, zote mkononi kabla hujajibiwa. Jumla pauni 2,892. Ule ndio mwaka ambao mama aliona pesa imekatika, akanuna, na shangazi akasema nimeoa mzungu. Sikuoa mtu. Nilikuwa nanunua ruhusa ya kuimba.

Na ruhusa hiyo inaleta nini? Sina lebo, sina meneja. Natunga mwenyewe, narekodi chumbani, nalipa kampuni ya kusambaza, natuma barua pepe kwa wenye kumbi, wengi hawajibu. Wimbo wangu unaopendwa kuliko zote, ule wa Raskazone, mwaka jana ulisikilizwa Spotify mara elfu 41. Nikapata pauni 120 na ushei. Mwingine uliishia mara 870, ukaniletea sifuri, kwa sababu tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa. Nikiuza CD kumi mlangoni baada ya shoo napata karibu sawa na ule wimbo wa elfu 41. Naam, CD. Wazee wa huku bado wananunua. Kuna pia mirabaha ya PRS, chama cha huku kinachowakusanyia watunzi pesa zao, ukiimba nyimbo zako mwenyewe ukumbini na kuwapelekea orodha yake. Haijengi nyumba, lakini inakuja. Vyoo bado nasugua, siku tatu kwa wiki.

Halafu kuna kuulizwa ngoma iko wapi. Mwafrika amepanda na gitaa kavu, wanasubiri ngoma. Nimetoka mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, gitaa limelia Tanga kabla sijazaliwa, naulizwa ngoma!

Kwa hiyo usije. Visa hii inaisha mwaka huu, na mwajiri wa kumdhamini mtu anayetunga nyimbo zake chumbani simjui. Kaa hapo, kasajili nyimbo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zote, hata zile unazoona za kitoto, kisha nenda studio.

Lakini nisikudanganye upande mwingine. Kwenye vilabu vya nyimbo za asili vya huku watu wananyamaza. Naimba Kiswahili wasichokielewa, dakika nne nzima, hata glasi hailii. Nyumbani niliimba harusi ngapi watu wakigombania pilau? Kimya kile ndicho kinachonirudisha jukwaani, na nikikaa wiki mbili bila kukisikia naumwa. Ukipata ufadhili wa masomo, ufadhili kamili, si wa kuchangiwa na ukoo, njoo hata kesho. Chumba changu kina nafasi ya godoro. Gitaa lisiwe mizigo ya chini ya ndege, watalivunja shingo.

Pesa nimetuma jana. Laki mbili ya mama, elfu hamsini yako ya studio, na ole wako nisikie imeingia kwenye tairi la bodaboda. Nyuzi seti mbili nimempa jamaa anayekuja Tanga wiki ijayo.

Mjomba mwambie chochote unachotaka. Mama asiambiwe habari ya vyoo, anajua nafanya kazi ofisini.