Sista, mbona kipande kimoja hakifanyi kitu?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kuhusu bangi ya kula, na ya nne ilichomekwa chini ya swali la presha kana kwamba mwandishi alitaka nisiione. Nimeiona. Wote wanne wanaishi mahali ambapo sheria inamruhusu mtu mzima kuinunua dukani. Kama ulipo wewe hairuhusiwi, basi jibu langu linaishia hapo hapo. Na hata inaporuhusiwa, usiitie kwenye begi la safari: Kanada imeihalalisha tangu 2018, lakini kuvuka nayo mpaka ni kosa, kutoka au kuingia.

Shikamoo Sista. Nina miaka 34, nina pumu, sijawahi kuvuta hata sigara. Tangu nibadilishiwe zamu kazini usingizi umenikimbia, na mwenzangu amenishauri pipi za bangi. Nimenunua pakiti. Imeandikwa THC miligramu 100, ndani mna vipande 10. Yeye anasema kipande kimoja ni cha watoto, nile viwili ndipo nitaona kitu. Nianze na ngapi?
*Mkwepa Moshi*

Marahaba mwanangu. Anza na robo ya kipande.

Najua umetarajia hesabu kubwa zaidi, basi tuipige pamoja. THC ndicho kiini cha bangi kinacholevya, na pakiti yako ina vipande 10 vya miligramu 10 kila kimoja. Robo ni miligramu 2.5, na hiyo ndiyo dozi ambayo mtu ambaye hajawahi anaweza kuanza nayo. Miligramu 5 ndiyo kipimo ambacho taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya ilikichagua mwaka 2021 kiwe uniti moja ya THC kwa watafiti wake. Jimbo la Colorado linahesabu miligramu 10 kuwa dozi ya mara moja. Kanada hiyo hiyo 10 ndiyo kikomo cha pakiti nzima! Serikali mbili zimeitazama pipi moja, moja ikasema ni tonge, nyingine ikasema ni sahani. Rafiki yako anakwambia ule sahani mbili.

Simlaumu sana. Mtu anayetumia kila siku mwili wake umeshazoea, na kinachomtekenya yeye kinaweza kukulaza wewe sakafuni. Kama anavuta, ana tatizo jingine: anadhani kula ni kuvuta kwa njia ya mdomo tu. Moshi ukiingia mapafuni, THC hufika kwenye ubongo kwa dakika chache, hupanda, na baada ya saa mbili au tatu imeshatulia. Mvutaji anajua aache lini kwa sababu mwili unamjibu papo hapo. Ukila, THC inapita tumboni, kwenye utumbo, halafu kwenye ini, na ini linaibadilisha sehemu yake kuwa kitu kingine kiitwacho 11-haidroksi-THC, ambacho kinaingia kwenye ubongo kwa urahisi na kina nguvu kuliko mama yake. Safari hiyo inachukua kati ya nusu saa na saa mbili kabla hujahisi lolote. Kilele huja saa mbili hadi nne baada ya kumeza. Kushuka kabisa kunaweza kukuchukua saa 8, wengine saa 12.

Basi ona mtego ulivyotegwa. Umekula saa moja usiku. Saa mbili unusu uko mzima kama ulivyozaliwa, unajisemea nimeuziwa sukari tupu, unaongeza. Saa tatu kipande cha kwanza kinabisha hodi. Saa nne cha pili kinaingia bila hodi. Karibu kila mtu mzima niliyempokea zamu ya usiku kwa ajili ya bangi ya kula alikuwa na hadithi hiyo hiyo, na sentensi ile ile: "Sista, nilidhani haifanyi kazi."

Kwa hiyo uamuzi wa kipande cha pili ufanye kabla hujala cha kwanza. Nami nakushauri uamue kwamba hakipo. Maelekezo mengi yanasema subiri saa mbili kabla ya kuongeza, lakini mimi nimewaona wa saa tatu. Siku ya kwanza ni robo moja, basi. Usipoona kitu, umepoteza jioni moja. Siku nyingine jaribu nusu. Wodini hatukuwahi kumpa mgonjwa dawa bila kuandika kiasi na saa, na tabia hiyo sijaiacha: kata kipande cha plasta, bandika kwenye mlango wa friji, andika "2.5, saa moja na dakika kumi". Ukishapanda, saa zinavutika kama ulimbo. Dakika ishirini utaapa ni mbili. Plasta hailewi, ndiyo faida yake.

Kukata nako kuna mambo. Jeli ndogo haikatiki robo nne sawasawa, na nyingine dawa yake imenyunyiziwa kwa nje pamoja na sukari, kwa hiyo robo mbili za kipande kimoja si lazima zifanane. Tumia kisu chenye makali, na ukiweza, safari ijayo nunua zilizotengenezwa kwa miligramu 2 au 2.5 kila moja. Soma pia ni miligramu za nini. CBD, kiini kingine cha bangi, nayo huandikwa kwa miligramu, lakini yenyewe hailevyi kama THC; wapo wanaosoma namba ya CBD wakadhani ndiyo ya stimu, na wapo wanaofanya kinyume chake, hao ndio ninaokutana nao. Vinywaji vyenye THC mara nyingi hutengenezwa vifike haraka, dakika 15 hadi 30, kwa hiyo usichukue ratiba ya pipi ukaipeleka kwenye chupa.

Kula chakula cha kawaida kwanza. Tumbo tupu huifanya ije kwa haraka na kwa ukali. Mlo wa mafuta mengi huichelewesha lakini mwili hunyonya zaidi, maana THC inapenda mafuta. Pombe usiiguse siku hiyo, kwa kuwa inapandisha kiwango cha THC kwenye damu, na vikichanganyika kutapika ni jambo la kawaida. Chagua jioni ambayo kesho yake huna zamu. Usiendeshe gari, wala pikipiki, mpaka kesho. Awepo mtu mzima ambaye hajatumia, na ajue umekula nini. Ukiinuka kwenda msalani, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu presha huweza kushuka ghafla ukisimama. Kama kazini kwenu wanapima mkojo, jua kwamba mabaki yake hukaa siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa mara kwa mara wiki kadhaa, muda mrefu baada ya stimu kwisha.

Kuhusu pumu, kukwepa moshi umefanya la maana. Kuhusu usingizi sikuahidi kitu. Wengi hulala upesi siku za mwanzo, kisha mwili unazoea, dozi inapanda, na siku wakiacha usingizi unawagomea na ndoto zinakuwa kali. Zamu iliyobadilika ina tiba nyingine. Niandikie ratiba yako nitakujibu kivyake.

Sista, nisitiri jina. Kwenye sherehe ya ofisi nilikula keki ya bangi aliyooka mwenzetu. Saa moja na nusu, kimya. Nikala tena. Halafu moyo ukaanza kupiga mpaka nikauona kwenye blauzi, mikono ikafa ganzi, nikawa na hakika nakufa. Nililala kwenye zulia hadi alfajiri. Je, ningeweza kufa? Na nimejiharibu?
*Wa Zuliani*

Mdogo wangu, pole. Kwa mtu mzima mwenye afya, kuzidisha THC peke yake ni nadra mno kuua, na usiku mmoja wa namna hiyo hauachi jeraha ninalolijua. Hofu ile ya kifo ni sehemu ya sumu yenyewe. Mwaka 2014 Maureen Dowd, mwandishi wa gazeti la New York Times, alikula chokoleti ya bangi hotelini Denver, akaona kimya, akaongeza. Akajikunja kitandani muda wa saa 8, akiwa ameshawishika kwamba ameshakufa na hakuna anayemwambia. Baadaye akaelezwa kwamba kwa mgeni chokoleti ile ilitakiwa kukatwa vipande 16. Huko peke yako.

Hata mimi nimo. Mwaka wa pili baada ya kustaafu nilikuwa nyumbani kwa mwanangu, nikafungua kopo la siagi kwenye friji, nikakuta keki. Nikala kipande cha ukubwa wa kiberiti, kitamu, nikaongeza. Baada ya saa moja na ushee nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikijihesabia mapigo ya moyo. Miaka thelathini na moja nimehesabu mapigo ya watu, na yangu yalinipotea mara tatu; mara ya nne nikapata 128. Nikaandika saa kwenye kiganja. Mwanangu aliporudi alisoma kiganja kabla hajanisalimu, akakimbilia friji. Maneno niliyomwambia siyaandiki hapa.

Kwa hiyo ikitokea tena, kwako au kwa mwingine: chumba chenye mwanga hafifu, maji kwa mafundo madogo, mtu wa kukaa naye anayeongea polepole na kumkumbusha kwamba itapita. Akitapika alale ubavu. Hakuna dawa ya kuizima. Kahawa haitamtoa, bali itaongeza mapigo. Usimpe vidonge vya usingizi wala pombe "ya kumtuliza". Wengine hutafuna punje za pilipili manga. Sikatazi, nayo huwapa mikono kazi. Lakini maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kupumua kwa shida, kutoamshika, au kuona na kusema mambo yanayomfanya atake kujidhuru, hapo ni hospitali, tena sasa hivi. Na mkifika semeni ukweli. Mgonjwa asiyejua jina lake, na wenzake wanaotazama viatu vyao, tunalazimika kumchukulia kama ana homa ya uti wa mgongo au damu imevuja kichwani; atachomwa sindano na kupigwa picha ambazo sentensi moja ingemwepusha nazo.

Keki ya nyumbani, hesabu yake ni hii. Gramu moja ya bangi yenye asilimia 15 ina takribani miligramu 150 za THC ambayo bado ni mbichi. Moto ndio unaoiamsha, na ikiamka zinabaki kama 130. Mwokaji akitia gramu 7, sinia lina hadi miligramu 900. Akikata vipande 20, kila kimoja ni 45 kwa makaratasi, yaani dozi 18 za yule kijana wa barua ya kwanza. Na unga haukorogeki sawa: kona hii ina 20, kona ile 80. Mwenzenu hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na namba tu, na kitu kisicho na namba mimi sikili, hata kikiokwa na mwanangu. Hasa kikiokwa na mwanangu.

Sista, ninazo pipi hizo na nina mtoto wa miaka mitatu. Nimeziweka juu ya kabati. Inatosha?
*Baba Watatu*

Haitoshi. Wa miaka mitatu anajua kiti ni ngazi. Marekani, taarifa za watoto chini ya miaka 6 waliokula bangi, zilizofika kwenye vituo vya sumu, zilikuwa 207 mwaka 2017 na 3,054 mwaka 2021. Wengi walizikuta nyumbani kwao wenyewe. Yale niliyomwambia Wa Zuliani kwamba ni nadra kuua, kwa mtoto usiyategemee: dozi ya mtu mzima inaweza kumlaza asiamshike na kumpunguzia pumzi. Akila, au ukishuku tu amekula, usingoje dalili. Mpeleke, na pakiti uende nayo.

Weka kwenye kisanduku chenye kufuli, ndani ya pakiti yake ya asili, kamwe si kwenye kopo la siagi. Usizile mbele yake, wala usiziite pipi akisikia. Na kama mna mbwa, naye humlevya vibaya. Ikiwa ni ya chokoleti, anapata sumu mbili kwa mpigo.

...na pia, Sista, natumia warfarin kwa sababu ya damu kuganda. Kipande kidogo cha bangi ya kula kina neno?
*Mama wa Presha*

Kina neno, dada yangu. Warfarin na THC hupita kwenye mlango mmoja wa ini, na CBD nayo huuziba. Dawa yako inaweza kubaki nyingi kwenye damu ukaanza kuvuja usikotarajia. Usile mpaka anayekupima damu akubali na akupangie vipimo vya karibu karibu. Hivyo hivyo kwa mjamzito na anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata au aliye na ndugu wa damu mwenye skizofrenia, na anayemeza dawa za usingizi au za kifafa: hao jibu langu ni hapana, na robo nayo ni hapana.

Swali lako la presha nitalijibu toleo lijalo. Niandikie vipimo vya asubuhi na jioni kwa siku saba, na saa uliyopima.