Hedifoni ya elfu kumi na mbili na punje niliyoipita Chunya

Nilipoanza kutembea na mashine ya kutafutia dhahabu kule Chunya, pesa yangu yote iliishia kwenye mashine. Hedifoni nilinunua Kariakoo kwa elfu kumi na mbili, zile za vijana za kusikilizia muziki, zenye besi ya kutikisa mbavu. Siku nne mfululizo nikavuna misumari, vizibo vya soda na kipande cha jembe.

Siku ya tano mzee mmoja, mwenyeji wa mapori ya Lupa, alipita njia ileile niliyoipita mimi asubuhi. Akasimama, akarudisha koili, lile duara la chini la mashine, mara mbili, halafu akaniita kabla hajachimba. Nikapitisha mashine yangu pale: kimya. "Kijana, vaa hizi zangu," akasema. Nikachomeka za kwake kwenye mashine yangu, nikapitisha tena. Safari hii mlio ulijikunja kidogo, kama mtu anayeguna usingizini. Ilitoka punje ndogo kuliko ya mchele. Yake, bila shaka.

Mashine nyingi za dhahabu hutoa mlio mwembamba usiokatika. Pande kubwa litapiga kelele hata kwa spika ya mashine, lakini punje ndogo, au pande lililo chini sana, hugusa tu ule mlio, ukapanda au ukashuka kidogo. Hedifoni nyingi za muziki zimetengenezwa kunenepesha besi, na mguno kama ule humezwa. Ongeza upepo wa Agosti na majani makavu chini ya buti, ndipo utajua kwa nini spika peke yake haitoshi.

Ukienda kununua, nenda na mashine yako. Kuna kipimo cha omu, yaani ukinzani wa umeme: hedifoni nyingi za simu ni 16 au 32, wakati Koss UR-30 zilizokuwa zikija na mashine za Minelab GPX ni 100. Usiabudu namba hiyo, masikio yako ndiyo mzani. Mimi hubeba kipande kidogo cha risasi ya mshipi wa kuvulia samaki, nakiweka chini mbali na mabati na nondo, kisha nashusha ule mlio mwembamba wa mashine hadi usikike kwa shida. Hedifoni inayokionyesha kipande hicho kwa sauti ya chini kabisa ndiyo nanunua.

Angalia pini pia. Mashine nyingi za zamani zina tundu la milimita 6.35, za siku hizi nyingi ni 3.5, na mashine ya Garrett AT Gold ina kiunganishi chake chenyewe. Adapta inasaidia, ila ile ndefu ngumu inayochomoza nje ni adui: ukijigonga kwenye kichaka mara moja tu, tundu limelegea. Na ukisikia sauti sikio moja tu, usikimbilie kusema zimekufa. Huenda ni pini ya stereo (njia mbili za sauti) na tundu la mono (njia moja) havikubaliani.

Za bluetooth za kawaida mimi sizitaki. Huchelewesha sauti hata sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukipepea koili mwendo wa mita moja kwa sekunde, sauti inakufikia wakati koili imeshasogea sentimita 20, nawe unachimba pembeni. Zipo zisizo na waya zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye ucheleweshaji mdogo sana. Mfuko ukiruhusu, chukua hizo.

Kingine nisichokubali kukosa ni kitufe cha sauti kwa kila sikio. Nati kubwa ikikaa juu juu, mlio wake unachoma ubongo, na kazi yenyewe ni ya kutwa nzima. Lakini usizibe masikio yote kabisa. Pori lile lina moma, lina nyuki, lina maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi, na mwenzio akikupigia kelele lazima umsikie. Sikio la kushoto mimi huliacha nusu nje.

Kinachokufa kwanza ni waya, palepale unapoingia kwenye pini. Dalili ni mlio unaokatika ukigeuza shingo. Chezesha waya taratibu ukiwa umesimama. Sauti ikirukaruka, mpelekee fundi redio aukate pale na kulehemu pini mpya, ni kazi ya dakika chache. Ukimaliza siku, usiuzungushe waya kwenye mashine kwa kuukaza, uache ulale kwa mduara mpana.

Jasho na vumbi jekundu hula sponji. Futa jioni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kamwe si petroli. Pini isugue kwa pamba yenye spiriti. Usiziache kwenye dashibodi ya gari juani, wala usizitundike usiku kwenye mti: nilikuta nyigu wameanza kujenga ndani ya kikombe cha kulia.

Aibu yangu kubwa? Nilichimba shimo la kufika goti nikifuata mlio mtamu, kila nikiinama unaongezeka. Zilikuwa hedifoni zenyewe, nimezishusha shingoni, zinaning'inia karibu na koili. Zina sumaku ndani.

Zile za elfu kumi na mbili anazo mwanangu sasa. Anasema kwa bongo fleva hazina mpinzani.